Kukodisha Shamba kwa Mradi wa Sola: Karatasi ya Kwanza Ndiyo ya Kusomwa Sana

Mara nyingi huanza kwa gari. Linaingia kijijini asubuhi, linashusha watu wawili au watatu, mmoja ana ramani mkononi na mwingine ana kifaa cha kupimia. Wanamuulizia mzee wa mtaa, kisha wanamuulizia mwenye shamba lile tambarare lililo karibu na nguzo kubwa za stima. Jua halijatua habari imeshafika vijiji vitatu: kuna kampuni inatafuta ardhi ya sola, na inasemekana inalipa vizuri. Wiki mbili baadaye wageni hurudi na karatasi, kurasa kumi au kumi na mbili za Kiingereza, pamoja na bahasha ndogo ya kuonyesha nia njema.

Karatasi hiyo, mara nyingi, si mkataba wa kukodisha shamba. Wengi wanaoitia sahihi hudhani ndiyo. Ni mkataba wa kushikilia ardhi: mwenye shamba anaahidi kwamba kwa miaka kadhaa hatalikodisha wala kuliuza kwa mtu mwingine, na kampuni inapata haki ya kuamua baadaye kama italikodi au italiacha. Mmoja amefungwa, mwingine yuko huru. Si kosa la kisheria, wala si dalili ya utapeli, kwa kuwa miradi ya umeme kote duniani huanza hivyo. Lakini mwenye shamba anayedhani ameshapata mpangaji, kumbe amewekwa kwenye foleni, anaweza kukaa miaka saba akisubiri gari ambalo halirudi.

Kwa nini macho yako bara ya Kilifi

Anayeishi Ganze, Magarini au sehemu za bara za Malindi na Kaloleni hahitaji kuambiwa habari za jua. Lakini jua peke yake halimleti mwekezaji. Anatafuta vitu vitatu kwa pamoja: ardhi tambarare isiyo na msitu mnene, barabara inayopitisha lori, na laini kuu ya stima iliyo karibu. Laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kwenda Malindi, Garsen na Lamu inapita katika kaunti hii, na kila kilomita ya kujenga laini mpya hadi kuifikia ni gharama. Ndiyo maana shamba lililo kando ya nguzo hupata wageni, na shamba zuri zaidi lililo mbali halipati.

Mfano wa karibu uko Langobaya, Kaunti Ndogo ya Malindi. Mtambo wa Malindi Solar uliopo huko umekuwa ukiingiza takriban megawati 40 kwenye gridi ya taifa tangu mwishoni mwa 2021. Jirani zetu wa Garissa walitangulia: mtambo wao wa megawati 50 ulifunguliwa rasmi Desemba 2019 na umekaa juu ya hekta 85, yaani takriban ekari 210. Kwa hesabu hiyo megawati moja inahitaji zaidi kidogo ya ekari nne. Hesabu hii ni ya kukumbukwa. Kampuni ikisema inataka kujenga megawati 10 lakini inataka kushikilia ekari 400, mwenye ardhi ana haki ya kuuliza ekari nyingine zaidi ya 300 ni za kazi gani.

Ndani ya karatasi ya kwanza

Kampuni inahitaji muda kwa sababu za kweli. Lazima ipime jua na udongo, ichunguze kama laini ya stima inaweza kubeba umeme wake, ipate leseni ya mazingira kutoka NEMA na leseni ya uzalishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), iwe na mkataba wa kuuza umeme, kisha itafute mkopo benki. Sera ya taifa ya mwaka 2021 inataka miradi mikubwa ya sola ipatikane kwa mnada wa ushindani, kwa hiyo kuwa na ardhi si hakikisho la kupata kazi. Zaidi ya hayo, baada ya mikataba ya ununuzi wa umeme kuchunguzwa na jopo la rais mwaka 2021, utiaji sahihi wa mikataba mipya ulisimama kwa miaka kadhaa. Kampuni nyingi zilizokuwa zimeshikilia ardhi wakati huo hazikuwa na la kufanya ila kungoja, na wenye mashamba wakangoja nazo.

Hivyo swali la kwanza ni muda, na namna ya kuuongeza. Mkataba unaweza kusema miaka mitatu, halafu mstari mmoja ukurasa wa tano ukasema kampuni inaweza kuongeza miaka miwili, mara mbili, kwa kutoa notisi. Miaka mitatu imekuwa saba, na mwenye shamba hakuulizwa. Mstari wa aina hiyo unaweza kubadilishwa: nyongeza itolewe tu ikiwa kampuni imeonyesha hatua, kwa mfano imepata leseni ya NEMA, na ilipiwe zaidi ya miaka ya mwanzo. Pawe pia na kifungu kinachosema kwamba malipo yakichelewa kwa miezi iliyotajwa, mkataba umekwisha wenyewe bila kwenda mahakamani.

La pili ni yale ambayo mwenye shamba anaruhusiwa kuendelea kuyafanya. Katika miaka ya kusubiri hakuna paneli hata moja iliyosimikwa. Hakuna sababu ya kuzuia mahindi, mihogo, mbuzi au uchomaji matofali, maadamu hakujengwi kitu cha kudumu. Lakini karatasi nyingine husema ardhi iachwe "kama ilivyo", na maneno hayo mawili yanaweza kumnyima mtu msimu mzima wa mvua za masika.

La tatu limejificha zaidi. Kampuni ikishapata sahihi, inaweza kuandikisha zuio kwenye sajili ya ardhi ili shamba lisiuzwe. Zuio likiwa pale, mwenye shamba hawezi kuweka hati rehani kupata mkopo wa karo, wala kuwakatia watoto vipande. Mkataba useme wazi ni nani atakayeliondoa siku mradi ukifa, kwa gharama ya nani, na ndani ya siku ngapi. Kuondoa zuio la kampuni iliyokwisha kufunga ofisi ni safari ndefu, na hakuna anayeifurahia.

La nne ndilo linalopita yote. Mara nyingi nyuma ya karatasi ya kwanza hubandikwa rasimu ya mkataba mkuu wa kukodisha, ikiwa na bei ya kila ekari, miaka 25 au 30, na masharti yote. Anayetia sahihi ya mbele ameshakubali na ya nyuma. Siku kampuni itakapoamua kuchukua shamba, hakutakuwa na mazungumzo mapya ya bei. Itatoa notisi tu. Kwa hiyo yule anayesema "hii ni ya kuanzia, mengine tutazungumza baadaye" aulizwe aonyeshe ni kifungu gani kinachosema hivyo.

Hati asili haitoki nyumbani. Nakala yake yatosha kwa upekuzi. Wakati wa kusajili mkataba mkuu, hati ipelekwe na wakili wa mwenye shamba na irudi kwake.

Ni ardhi ya nani hasa

Wageni wakifika, mtu wa kwanza kujitokeza huwa si mwenye ardhi kila mara. Anaweza kuwa dalali, au kijana mmoja wa boma, au mwenyekiti wa kamati ambayo muda wake uliisha. Katiba inagawa ardhi mafungu matatu, ya umma, ya jamii na ya watu binafsi, na njia ya kukodisha hutofautiana kabisa kutoka fungu moja hadi lingine.

Shamba lenye hati ya mtu binafsi laonekana rahisi, lakini katika kaunti hii hati nyingi bado zina jina la babu aliyefariki. Wana na wajukuu wanaishi juu yake, wamegawana kwa mdomo, na kila mmoja anajua mpaka wake ni mkorosho upi. Mbele ya sheria, hakuna hata mmoja wao anayeweza kulikodisha mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe na mahakama, au na Mahakama ya Kadhi kwa familia za Kiislamu zinazochagua njia hiyo. Sheria ya Urithi inafanya kuwa kosa la jinai kuigusa mali ya marehemu bila idhini hiyo. Kaka mkubwa anayetia sahihi kwa niaba ya wote, hata akiwa na nia safi, anajiweka pabaya, na mkataba wenyewe unaweza kubatilishwa. Familia iliyo na ardhi karibu na laini kuu ingefanya vyema kuanza mirathi sasa, gari likiwa bado halijafika, kwa kuwa likishafika kila mtu huwa na haraka na kila ndugu huwa na dalali wake.

Kwa wenye ndoa, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke na mume. Mume anayekodisha shamba la familia kwa miaka 25 huku mke amekwenda kisimani amefanya kazi bure.

Ardhi ya jamii ina utaratibu mwingine, na mkali zaidi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wowote wa uwekezaji uletwe mbele ya mkutano mkuu wa jamii ulioitishwa kwa ajili hiyo. Theluthi mbili ya watu wazima wote wa jamii lazima wawakilishwe kwenye mkutano huo, na theluthi mbili ya mkutano lazima wakubali. Jamii yenye watu wazima 900 inahitaji 600 kwenye kikao, na wanawake na vijana waliotimiza miaka 18 wanahesabiwa sawa na wazee. Kamati ya usimamizi, yenye wajumbe kati ya 7 na 15, inaweza kuzungumza na mwekezaji. Kuamua ni kazi ya mkutano. Sheria hiyo inataja pia yanayopaswa kuwemo kwenye mkataba: tathmini ya athari kwa mazingira, jamii na utamaduni, malipo na mrabaha, mafunzo kwa wenyeji, na kuirudisha ardhi katika hali nzuri mradi ukimalizika au kuachwa. Ranchi za vikundi zilizosajiliwa chini ya sheria ya zamani zinatakiwa kujisajili upya chini ya hii.

Na ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa? Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kushikilia si kumiliki. Sheria ya 2016 inakataza kaunti kuuza, kuhamisha au kubadilisha ardhi hiyo kabla haijasajiliwa. Mtu yeyote anayefika kijijini akidai "Kaunti imeshatupa" aulizwe karatasi, na karatasi hiyo ipelekwe ofisi ya ardhi ikaangaliwe.

Faida ya kufuata njia hii ndefu inaonekana Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310 na mitambo 365, ulipewa ekari 150,000 zilizokuwa ardhi ya wananchi chini ya baraza la kaunti la zamani. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021, mitambo ikiwa imeshazunguka kwa miaka mitatu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Aliyeumia hapo si upande mmoja. Jamii ilipigana miaka saba, na mwekezaji akajikuta na mitambo juu ya hati inayotikisika.

Nyandarua ni somo la namna nyingine. Mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60.8, ulikuwa na fedha, leseni na mkataba wa kuuza umeme, na ulikuwa unakodi vipande vya mashamba ya wakulima wadogo. Malalamiko juu ya ardhi, fidia na afya yaliachwa yakapanda hadi maandamano, na mtu akapoteza maisha mwaka 2015. Mwaka uliofuata mradi ulifutwa. Kule Kajiado, mradi wa Kipeto wa megawati 100 ulikubaliana na familia za wafugaji wanaobaki na hati zao, wanaoendelea kulisha mifugo chini ya mitambo, na asilimia 5 ya umiliki ikawekwa kwenye hazina ya jamii. Umeme wake ulianza kutoka 2021. Upepo huacha nafasi ya malisho kuliko sola, hilo ni kweli, lakini namna ya kukubaliana ni ile ile.

Bodi, kibali na wageni

Shamba la kilimo haliwezi kukodishwa kwa mkataba mrefu bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya kaunti ndogo. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Muda ukipita bila idhini, makubaliano hayana nguvu. Bodi hairuhusiwi kukubali ardhi ya kilimo iende kwa asiye raia, au kwa kampuni binafsi ambayo si wanahisa wote ni raia, isipokuwa kwa msamaha wa Rais. Kampuni nyingi za sola zina mtaji wa nje. Njia inayotumika sana ni kuomba kwanza ardhi ibadilishwe matumizi, kutoka kilimo kwenda nishati, na ombi hilo huja Kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Katiba nayo inaweka kikomo cha miaka 99 kwa yeyote asiye raia, na haiwezekani kumpa umiliki wa milele.

Hapa kuna jambo dogo lenye gharama kubwa. Ardhi ikishabadilishwa matumizi, ada ya ardhi inayolipwa Kaunti inaweza kupanda, na bili huja kwa jina lililo kwenye hati. Mkataba useme kwamba ongezeko lote litalipwa na kampuni. Useme pia nini kitatokea kama matumizi yamebadilishwa halafu mradi usijengwe, kwa sababu mkulima hataki kubaki na shamba la mahindi linalotozwa kama kiwanda.

Hesabu ya kodi

Watu wengi huuliza bei ya ekari, kisha wanaishia hapo. Bei ya mwaka wa kwanza ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni jinsi itakavyopanda. Takwimu zinazofuata ni za hesabu tu, si bei za sokoni.

Ekari moja ikikodishwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka, bila nyongeza, kwa miaka 25, jumla ni shilingi 250,000. Kampuni ikisema itaongeza asilimia 10 kila miaka mitano, inasikika vizuri barazani, na jumla inafika takriban shilingi 305,000. Kodi ya mwaka wa 25 itakuwa shilingi 14,641. Lakini nyongeza ikiwa asilimia 5 kila mwaka, jumla inafika takriban shilingi 477,000, na kodi ya mwaka wa mwisho ni zaidi ya 32,000. Tofauti kati ya ahadi ya pili na ya tatu ni shilingi 172,000 kwa ekari moja. Kwa familia yenye ekari 40 ni karibu shilingi milioni 6.9, na yote inatoka kwenye mstari mmoja wa mkataba.

Asilimia 5 haikuokotwa. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, ikiruhusu upande au kushuka kwa 2.5. Bei zikipanda kwa kasi hiyo, shilingi 10,000 za mwaka wa 25 zitanunua kinachonunuliwa leo kwa takriban shilingi 3,100. Kodi isiyopanda, kwa hiyo, hushuka kila mwaka.

Wengine hupewa njia ya pili: kodi ya chini pamoja na asilimia ya mapato ya umeme. Inaweza kuwa nzuri, mradi iwe asilimia ya mauzo, si ya faida. Mauzo yanaonekana kwenye mita na kwenye malipo ya Kenya Power. Faida inategemea nani ameandika vitabu. Katika njia zote mbili kodi ianze siku ujenzi unapoanza. Mkataba unaosema kodi italipwa "umeme ukianza kuuzwa" unamfanya mwenye shamba kuwa mkopeshaji wa mradi bila yeye kujua.

Kipande kinachochukuliwa nacho kipimwe. Kampuni inaweza kushikilia ekari 40, halafu ikachagua 25 za katikati na kuacha vipande vya pembeni visivyo na njia ya kuingilia wala nafasi ya jembe. Ramani ya mpima ardhi, yenye njia za kupita mifugo na watu, iwe sehemu ya mkataba. Na nguzo za laini zikivuka shamba la jirani, huyo jirani naye ana makubaliano yake ya njia ya stima. Asidhani yamo kwenye ya mwenzake.

Kitakachobaki juu ya shamba

Uzio ukishasimama, lile halitakuwa shamba tena kwa kizazi kimoja. Ni vyema kusema hivyo waziwazi. Kazi nyingi huwa wakati wa ujenzi, kuchimba, kubeba na kufunga nondo. Mtambo ukishawaka hubaki walinzi, wafyekaji, wasafishaji paneli na mafundi wachache. Jamii inayotaka ajira iandike idadi na aina ya kazi kwenye mkataba, pamoja na muda.

Paneli huoshwa, na vumbi la bara si dogo. Maji hayo yatatoka wapi? Kama ni silanga ile ile ya mifugo, wafugaji walijue mapema. Kondoo wanaweza kulishwa chini ya paneli, na hupunguza kazi ya kufyeka. Mbuzi hupanda na kutafuna nyaya, hivyo hukataliwa karibu kila mahali. Huko Isinya, Kaunti ya Kajiado, watafiti wamejaribu kuinua paneli juu na kupanda mboga chini yake, na kabichi zilizopata kivuli zilistawi kuliko zilizokuwa juani. Ni jaribio dogo na kuinua paneli ni gharama, lakini swali laweza kuulizwa mezani.

Kampuni iliyotia sahihi huenda isiwe ile itakayojenga. Kampuni ndogo hutafuta ardhi na vibali, kisha huuza mradi kwa kubwa. Mkataba uruhusu hilo kwa sharti kwamba mwenye shamba ataarifiwa kwa maandishi na mnunuzi atabeba madeni yote. Benki ya mradi nayo itataka rehani. Rehani hiyo iwe juu ya haki ya kampuni ya kukodi, kamwe isiwe juu ya hati ya mwenye shamba.

Mwisho wa miaka 25 au 30 kutakuwa na maelfu ya paneli, vyuma vilivyozamishwa ardhini, zege na nyaya zilizofukiwa. Ahadi ya kwamba kampuni "itaondoa kila kitu" ni ahadi ya kampuni ambayo huenda isiwepo. Kinachofaa ni fedha ya kuondolea mtambo iwekwe pembeni, kwenye akaunti au dhamana ya benki, ianze kujazwa kabla mradi haujazeeka, na kiwango chake kipitiwe kila baada ya miaka michache. Wanaotia sahihi leo wengi watakuwa wazee au marehemu siku hiyo, na watakaopokea shamba ni wajukuu.

Wapi pa kupeleka karatasi

Mwenye shamba asitie sahihi siku ile ile aliyoletewa. Achukue nakala nyumbani, iwe na kila ukurasa na kila kiambatisho. Aombe maelezo kwa Kiswahili au Kigiriama, na kwa ardhi ya jamii yasomwe barazani. Jina la kampuni liangaliwe kwenye sajili ya kampuni kupitia eCitizen, kuonekana wakurugenzi na wanahisa ni nani. Upekuzi rasmi wa hati ufanywe katika ofisi ya ardhi, hata na mwenye hati mwenyewe. Wapo waliogundua zuio ambalo hawakulijua.

Wakili awe wa mwenye shamba. Kampuni inaweza kulipa ada yake, na mara nyingi hukubali ikiombwa, lakini barua ya kumteua iandikwe na mwenye shamba na wakili huyo asiwe anaitumikia kampuni pia. Asiye na uwezo anaweza kuuliza Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria. Mgogoro wa mkataba wa ardhi husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kikao Malindi. Anayepinga leseni ya NEMA huenda kwenye Baraza la Rufaa la Mazingira, na huko siku huhesabiwa, kwa hiyo tangazo la tathmini likibandikwa kwa chifu au kusomwa redioni, maoni yapelekwe kwa maandishi wakati huo huo na nakala iliyopigwa muhuri ihifadhiwe.

Naibu chifu au mjumbe wa wadi anaweza kuwa shahidi kwamba mkutano ulifanyika na nani alihudhuria. Hana mamlaka ya kukubali kwa niaba ya familia yoyote, na bahasha inayopitia kwake si malipo ya shamba.